Mashine ya Meno ya Nyuma katika Bustani ya Mama

Watu wa mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, wanapenda mashine jinsi wanavyopenda harusi: waje, waione, waisifu rangi, wale, waende zao. Mimi nazipenda kwa namna nyingine. Nataka kujua nguvu inatoka wapi, inapita wapi na inaishia kwenye nini. Hayo nimeyasomea, nikapewa diploma, na diploma yenyewe sikununuliwa na mjomba wala shangazi. Niliipata ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, kwenye chuo cha ufundi ambako wasichana tulikuwa wachache mno, hata mwalimu akimaliza kuita majina alitutazama kama watu waliopotea njia ya jikoni. Karo nililipa kwa maandazi. Nilikanda unga alfajiri, nikawauzia mlangoni wavulana wale wale walionicheka, kisha nikaingia nao darasani nikawapita katika mtihani wa injini. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia habari za bustani si mtu wa kubahatisha.

Niliporudi Baraka nilimkuta mama, aliyetangulia kurudi, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Mgongo wake ulikuwa umeinama, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja ambacho baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshaanza kukiita chake. Kabla hatujakimbia vita, kiwanja hicho kilikuwa bustani ya mama. Alipanda lengalenga, mchicha wa kwetu, vitunguu na biringanya, na ukingoni mihogo ya kupata sombe, yale majani yake ya mboga. Sisi tulipovuka ziwa, baba mdogo alibaki. Hakulima hata mstari mmoja. Aliwaruhusu wavuvi wenzake washonee nyavu pale, akafunga mbuzi pale, na watu wakapafanya njia ya mkato ya kwendea pwani. Visigino na kwato vilifanya kazi yake mwaka baada ya mwaka mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa.

Sasa alitaka bustani iwe ya nyumba yake. Akaitisha kikao cha familia, akakifungua kwa sala ndefu kuliko kikao chenyewe, maana yeye ni mzee wa kanisa na hawezi kudai kitu cha mjane bila kumshirikisha Mungu.

"Shemeji," alimwambia mama, "hakuna mutu anakufukuza. Nyumba iko yako mpaka kufa. Lakini udongo haulale bure. Uko na mukono gani ya kulima, weye?"

"Niko na mutoto," mama akajibu.

"Mutoto gani? Uyu Mutanzania? Uyu iko na karatasi, haina mukono."

Watu wakacheka. Wengi wao walikuwa wanaume ambao sijawahi kuwaona na jembe isipokuwa wakilipitisha kwa wake zao. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mama hakuzaa mtoto wa kiume, yeye anao wengi, na shamba ni la mwenye mkono. Mama hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba bustani ile aliifyeka yeye, akiwa na mimba yangu, na kwamba ikichukuliwa hatakuwa na mboga ya kuweka kwenye sufuria yake mwenyewe, atakuwa wa kuomba majani kwa watu. Hapo kikao kikakata shauri. Kama bustani italimwa na kupandwa kabla ya mvua za msimu kushika, ni ya mama na hakuna atakayeigusa tena. Kama mvua itaikuta ilivyo, baba mdogo aichukue.

Alikubali haraka mno. Aliujua udongo ule: ukiupiga jembe, jembe linaruka na kurudi kwenye ugoko wako. Alijua pia kwamba mama hana wa kumwita. Akina mama wa mtaa wanalimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, nao walikuwa wamemtoa kwenye kikundi tangu mgongo wake uliposhindwa. Hawakufanya kwa chuki. Kanuni yao ni hiyo: asiyerudisha jembe hapelekewi jembe.

Wa kwanza kuja "kutusaidia" alikuwa mwana mkubwa wa baba mdogo. Alikuwa na mashine ya kulimia. Wa hapa wanaiita motokilta, sisi tuliokaa ng'ambo tunasema pawatila, na kwa jina lolote ile ya kwake ilikuwa aibu. Ndogo, nyekundu, imebandikwa picha ya simba anayenguruma, na meno yake yako mbele, chini ya mota, mahali ambapo palistahili magurudumu. Mashine ya aina hiyo haina gurudumu la kuiendesha. Meno yenyewe ndiyo miguu yake. Yachimbe na yatembee kwa wakati mmoja, kama mtu anayepiga mswaki huku anakimbia. Kwenye udongo laini inakwenda, sitamnyima haki yake. Kule Swima, kwenye mchanga wa kando ya ziwa, aliwalimia watu bustani za vitunguu wakampigia makofi, na tangu hapo alitembea Baraka mabega juu kana kwamba ndiye aliyeivumbua.

"Nakulimia kwa saa moja," aliniambia. "Nusu ya bustani inabakia ya mama, nusu inakuya kwetu. Iko haki."

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "hiyo mashine haitaingia hapa."

"Dada, we unasoma mashini mu kitabu. Mi naishika na mukono."

"Haya. Ishike basi."

Akavuta kamba. Mota ikalia, simba akatetemeka, na meno yakagusa udongo wa mama. Hayakuingia. Yalipokosa pa kushika yakafanya lile ambalo kila mwenye akili angelitabiri: yakakimbia. Mashine iliruka, ikatua, ikaruka tena, na yaya akawa nyuma yake amening'inia kwenye mishikio kama anayevutwa na mbuzi aliyeumwa na siafu. Ilikata kiwanja chote bila kulima kiasi cha kiganja, ikapita kwenye ua, ikaenda kuangusha kichanja cha vyombo cha jirani.

"We!" jirani akapiga kelele, mikono yote ina povu la sabuni. "Sufuria yangu imekukosea nini? Lima kwenu!"

Yaya alinyanyuka, akajipangusa, akaitazama ardhi kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. "Udongo iko mubaya," akasema.

Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi katika maisha yangu ya ufundi. Mashine ikishindwa, udongo mbaya. Mpunga ukivunjika kinuni, mpunga mbaya. Kila kitu duniani ni kibaya isipokuwa aliyekichagua kwa sababu ya picha ya simba.

Nikapanda boti kwenda mjini Uvira kutafuta mashine yangu. Kabla sijaondoka nilipima kwa kamba upana wa kijia kilicho kati ya ukuta wa nyumba na jiko la mama, maana mashine ya bustani ya nyumbani haina faida kama haipiti kuifikia bustani. Mtacheka, lakini yupo bwana mmoja katika mtaa wetu aliyenunua mashine pana kama kitanda cha harusi, kisha akabomoa ukuta wa bafu ili iingie. Hadi leo familia yake inaoga imefunikwa na turubai, na bado anatutembelea kutushauri.

Muuzaji wa Uvira alinipokea kwa upole ule ambao wanaume huwawekea wanawake wasiojua kitu.

"Mama, chukua hii. Iko mwepesi. Ata mwanamuke anaiweza."

"Meno yako wapi?"

"Meno?"

"Ya mashine. Yako mbele ama nyuma?"

"Mama, meno iko fasi yake."

Nikapiga magoti, nikachungulia chini. Ilikuwa ni ndugu wa ile ya yaya, tofauti ni kwamba huyu alibandikwa picha ya tai. Nikazunguka duka mwenyewe. Kwenye kona, chini ya magunia, nilikuta mbili ambazo hazikutakwa na mtu, kwa sababu zilikuwa nzito, ndefu na zenye rangi ya kijivu kama punda mzee. Zote mbili zilikuwa na mota mbele, magurudumu katikati yenye mipira ya kashata kubwa kubwa za kung'ata udongo, na meno nyuma kabisa, yamefunikwa na bati. Hapo ndipo penye siri yote. Gurudumu linaendeshwa na mota, kwa hiyo mashine inatembea kwa mwendo wake yenyewe, taratibu, na meno hayana kazi ya kutembea. Kazi yao ni kuchimba tu. Aliyeishika hasukumi wala havutwi. Anaongoza.

Ya kwanza, meno yake yalizunguka kuelekea kule kule yanakokwenda magurudumu. Hiyo ni mashine nzuri kwa bustani inayolimwa kila msimu. Kwa udongo wa mama ingepanda juu na kukimbia, kwa adabu zaidi kuliko ya yaya, lakini ingekimbia. Ya pili, meno yalizunguka kinyume. Gurudumu linasema twende, jino linasema ngoja kwanza nichimbe, na katika ubishi huo ardhi ndiyo inayoshindwa. Nikaichagua hiyo. Nikamwambia muuzaji aweke matofali chini ya ekseli ili magurudumu yaning'inie, aiwashe, nisikilize gia. Nikafungua kizibo cha sanduku la gia, nikachovya kidole kwenye oili nikaisugua kuona kama ina unga wa chuma. Nikauliza mkanda wa akiba unapatikana wapi, na meno ya akiba, na nani atayaleta Baraka barabara ikiharibika.

"Mama," muuzaji akasema, sasa amekaa chini, "uko fundi ama uko polisi?"

"Niko na diploma."

Akawaita wenzake waje kunitazama. Nikawaacha watazame. Nililipa kwa pesa niliyoipata kwa kutengeneza mashine za kukoboa mpunga, pesa safi ya mikono yenye grisi, nikaondoka na punda wangu.

Pwani ya Baraka wabebaji walimpokea kwa nyimbo. "Mama Diplome ameleta sanduku ya maiti!" walisema, na walipoinua na kuhisi uzito wake wakasema maiti yenyewe bado iko ndani. Mtu anayebeba mizigo ya wengine maisha yake yote bila kuuliza ndani kuna nini hawezi kunifundisha kitu kuhusu uzito. Uzito ule ndio unaoyakalisha meno ardhini.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya rasi ya Ubwari hadi mchana badala ya kutawanyika asubuhi. Kila mtu wa pwani anajua maana yake. Mama alitoka nje mara kwa mara, akatazama upande ule, kisha akarudi ndani.

Nilifyeka nyasi kwanza. Kisha nikachota maji ziwani, ndoo baada ya ndoo, nikayamwaga kwenye kiwanja kitupu. Mtaa ukapata la kusema kwa jioni nzima: "Muje muone! Mutu anamwangilia udongo mutupu! Anapanda maji!" Wao hawajui kwamba udongo uliokauka kabisa unavunja meno, na uliolowa kabisa unageuka tope na kuwa matofali, na kwamba kazi ya mwenye akili ni kuupata katikati. Nikauacha unywe. Kesho yake nilichukua konzi ya udongo nikaifinya: ikashikana, nikaigusa, ikapasuka. Nikawasha mota.

Baba mdogo alikuwa ameshafika na kiti chake. Aliketi penye kivuli cha ukuta wetu, miguu mbele, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Majirani wakasimama nyuma yake.

Nyuma ya mashine kuna chuma kinachoshuka ardhini kama mkia. Hicho ndicho kinachoamua kina. Wapumbavu hukishusha chote mara ya kwanza kwa uroho, mashine inakwama, wanaikandamiza mishikio, mota inakufa. Mimi nilikiweka juu kabisa. Mzunguko wa kwanza ulikata ngozi tu.

"Inakwaruza!" baba mdogo akasema kwa furaha. "Kuku ya kwangu inachimba zaidi!"

"Ungemleta huyo kuku, baba mdogo, tusingehangaika."

Jirani wa sufuria akacheka kwa sauti, na nilijua hapo kwamba amehamia upande wetu.

Mzunguko wa pili nilikishusha chuma kidogo, nikalima kukatisha ule wa kwanza. Sasa meno yakaingia. Udongo uliokuwa sakafu ukaanza kutoka nyuma ya bati ukiwa mweusi na laini, na harufu yake ikawafikia mpaka wa nyuma kabisa. Nilikuwa natembea kando ya mashine, si nyuma yake, ili nisikanyage nilichokilima, na nimeshika mshikio mmoja kwa mkono mmoja. Mkono mwingine niliuweka kiunoni. Sikuwa na sababu ya kiufundi ya kuuweka pale. Nilitaka wauone. Huo ndio mkono walioambiwa kwamba sina.

Nilipofika karibu na ua wa upande wa ziwa, sauti ikabadilika. Meno yakaguna, bati likatetemeka, na kabla kelele haijawa kubwa niliachia kishikizo cha usalama na mashine ikasimama.

Baba mdogo akasimama pia. Sijawahi kumwona anainuka haraka vile, hata kanisani.

"Munaona?" alisema, mkono juu. "Mi nilisema! Udongo unakataa! Marehemu kaka hakuulizwa. Mwanamuke hawezi kupasua udongo ya baba yake na chuma bila kuambia wenyewe." Akageukia watu. Akasema lazima kazi isimame. Wazee wa ukoo wafuatwe kijijini Lubondja, waje, mbuzi apatikane, marehemu aelezwe vizuri. Baada ya hapo ndipo tuendelee, kama itakuwa ni kuendelea.

Kila mtu aliyesimama pale alijua kwamba kwenda kuwatafuta wazee, kuwapata na kuwaleta kutachukua siku kadhaa, na kila mtu aliona mawingu. Jumapili mzee huyu huyu anashika mimbari kukemea mizimu kwa jina la Yesu. Siku za kazi anaitumia kama mashahidi. Lakini baadhi ya majirani walikuwa wameanza kurudi nyuma, wakitazama mashine kwa woga. Mama alisimama mlangoni. Alikuwa ameshika kopo lake la mbegu kwa mikono yote miwili, jinsi mama anavyoshika mtoto kwenye boti yenye mawimbi.

"Hakuna mtu kuondoka," nilisema.

Nilichomoa waya wa plagi, maana mashine iliyokwama inaweza kuamka na kukula vidole. Nikailaza kwa pua, nikalala chali chini yake na kisu cha jikoni. Nilikijua nitakachokikuta kabla sijakiona. Mji wote huu unazungushia bustani nyavu zilizokufa, kuzuia kuku na mbuzi. Wavu ukioza hauondolewi. Unakanyagwa, unafukiwa na mchanga, na mwingine unafungwa juu yake. Jembe halijali, linakata na kupita. Lakini kitu chochote kinachozunguka kitaufuata uzi kama ulimi unavyofuata sukari. Na pale kwetu, zaidi ya nyavu za ua, kulikuwa na miaka yote ya wavuvi kushona nyavu na kuacha vipande. Hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wanazika nailoni kwenye mboga zao na kisha kushangaa.

Nilikata, nikavuta, nikakata. Wavu ulitoka kidogo kidogo, umejisokota kwenye mhimili mpaka karibu na mpira unaozuia oili. Ungenipata nimelala usingizi kama yaya, mpira ungekatika na oili yote ingemwagika. Haukukatika. Nilitambaa nikatoka nje nikiburuta nyuma yangu wavu mweusi, mrefu, wenye risasi zake za kuzamisha chini na maboya yake juu.

Maboya yalikuwa vipande vya bidoni ya njano, lile dumu la plastiki, vilivyochongwa umbo la samaki.

Wavuvi wengine wote wa mtaa wanakata maboya kwenye malapa ya zamani. Ni mmoja tu aliyechonga samaki wa bidoni, akisema wanawaita wenzao, na alijisifia jambo hilo kwa kila aliyekubali kumsikiliza.

Jirani wa sufuria alisogea, akaokota boya moja, akalipangusa udongo kwa kitenge chake. "Muzee," alimwambia baba mdogo taratibu, "kumbe muzimu yetu iko inavua?"

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika sokoni. Mtu mmoja alilazimika kukaa chini. Baba mdogo alisema wavu huo ni wa zamani, kwamba aliibiwa, kwamba mtu aliuzika kwa makusudi. Hakuna aliyemsikia.

"Baba mdogo," nilisema kwa heshima yote, maana ni ndugu wa baba yangu na kwetu heshima haifutwi, "marehemu anasalimia. Anaomba nyavu zako uzitoe kwenye vitunguu vya mke wake."

Alichukua kiti chake akaondoka. Wanawe walibaki, yaya akiwa kati yao, na kwa kuwa watu wote walikuwa wanawatazama, ilibidi wafukue ua mzima kutoa nyavu zilizobaki. Ndiyo mara ya kwanza niliyowaona wakifanya kazi kwenye bustani waliyoitaka sana. Walipomaliza nikarudisha waya, nikashusha mkia mpaka chini, nikamaliza.

Mama alipanda siku ile ile. Hakuinama sana, udongo ulikuwa laini kiasi kwamba alifungua mistari kwa kijiti. Lengalenga, vitunguu, biringanya. Alikuwa kwenye mstari wa mwisho baba mdogo aliporudi, bila kiti safari hii, kukagua.

"Iko wapi matuta?" akauliza. "Shamba bila tuta iko shamba?"

Mama hakuinua kichwa. "Shemeji, lengalenga ilikuomba tuta lini?"

Mvua ilishika keshokutwa yake, mvua yenye nia, ikitokea Ubwari na kufunga ziwa lote.

Mnaweza kudhani kwamba shauri liliishia hapo. Hamumjui baba mdogo. Hakusema kwamba bustani ni yetu. Hakusema kwamba si yetu. Akiulizwa, alisema jambo hilo "litaangaliwa". Aliwaambia watu kwamba kikao kilitaka mkono ulime, si mota, na kwamba wenye kuelewa watalitazama upya. Nilitaka kumpeleka kwa chifu. Nilitaka karatasi yenye muhuri. Nilimwambia mama kwamba mtu wa namna ile anaelewa maandishi tu, na yeye akaendelea kung'oa magugu kana kwamba nimemsomea habari za nchi nyingine.

Lengalenga ilipokomaa, mama alichuma majani ya kwanza. Nilidhani ni yetu. Aliyapika kwa mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akayatia kwenye sahani yenye mfuniko, akafunga kitenge chake kipya, akaniambia nimfuate. Nilipojua tunakokwenda nilisimama njiani.

"Mama, yule hata jani moja hastahili. Alitaka kukuacha uombe majani!"

"Njo maana tunaenda," akasema, akaendelea kutembea.

Katika ukoo wetu mwenye bustani ndiye anayepeleka majani yake ya kwanza kwa mkubwa wa familia. Mkubwa akiyatia kinywani, amekiri bustani ni ya nani, na hakuna kikao kinachoweza kurudi nyuma ya tonge hilo. Nalijua jambo hilo tangu utoto. Kwa hasira zangu nilikuwa nimelisahau.

Tulimkuta barazani na wanawe, bugali ya moto katikati yao, na kando yake kibakuli cha pilipili na hakuna kingine. Wapita njia walikuwa wengi, ilikuwa saa ya kutoka sokoni. Mama alipiga goti kidogo, akaweka sahani, akafunua. Harufu ya mawese ikapanda.

"Shemeji, haya iko ya kwanza."

Alielewa mara moja. Aliitazama sahani, akatazama barabara. Kukataa chakula cha mjane wa kaka yako mbele ya watu ni jambo ambalo litakufuata hadi kaburini. Kula ni jambo jingine, nalo litakufuata pia. Akasema ana shaka kidogo na tumbo. Akasema angekula baadaye. Yaya, aliyekuwa ameshanawa mikono, alimtazama baba yake kwa macho ya huruma, si huruma ya baba, huruma ya bugali inayopoa.

"Papa," akasema, "inapoa."

Baba mdogo alimega tonge. Akalibonyeza, akalichovya, akalipeleka kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu, kama anayetafuta mfupa.

"Haina chumvi," akasema mwishowe.

"Bustani iko kubwa, shemeji," mama akajibu. "Majani nitaleta mi. Chumvi utanunua weye."

Akamega tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza, na wanawe wakaingiza mikono.